Mleta uzi, usikabidhi pasi ya kusafiria ya mama yako

Hapo uliposema kiongozi wa msafara wenu wa Umra (hija ndogo) anakusanya pasi zote, na tarehe ya kurudi "mtapanga huko huko", nimeshindwa kupita kimya. Usikubali!

Mimi nilikwenda na mama Februari 2020, kurudi ilikuwa Machi 12. Februari 27, tukiwa Makka, Saudia ikazuia watu wa Umra kuingia kutoka nje kwa sababu ya korona. Machi 5 mataf, ule uwanja wa kuizunguka Kaaba, ikafungwa ipigwe dawa. Tulichungulia kutoka ghorofa ya juu: marumaru nyeupe tupu, hakuna anayeizunguka Kaaba. Mama alilia palepale. Siku ile ile ningefungasha mizigo. Lakini kiongozi wetu akasema, "Wanazuiwa wanaoingia, wanaotoka hawana shida," akasogeza safari hadi Machi 20 tupate siku zaidi. Nilimwamini, ndiye aliyekuwa akitusalisha njiani. Machi 15 ndege zote za kimataifa zikasimamishwa.

Yeye alishaondoka tarehe 13! Pasi zetu kaziacha kwenye mfuko wa nailoni kwa wakala wa kule ambaye hata ofisi yake hatukuijua. Saudia ikatoa nafasi kwa waliopitiliza viza ya Umra waombe kusamehewa faini, mwisho Machi 28. Ombi linataka namba ya pasi. Pasi sina, hata picha yake kwenye simu sina. Namtumia ujumbe kiongozi, tiki moja. Kesho yake, tiki moja. Usiku namkuta mama anakata vidonge vya presha nusu nusu kwa kucha, vimebaki tisa, na hakutaka nijue. Tarehe 27 ndipo mdogo wangu kule Tanga alipokuta nakala ya kivuli ya pasi kwenye bahasha ya zamani, akanisomea namba kwa simu. Aprili 2 Makka na Madina zikawekewa amri ya kutotoka nje saa 24.

Msiniletee habari za tawakkul, kumwachia Mungu, hapa. Ngamia hufungwa kwanza.

Pasi ya bi mkubwa ikae kwenye mkoba wake mwenyewe. Tiketi ya kurudi iwe na tarehe, na namba ya kuhifadhi nafasi uwe nayo wewe, uipigie simu kampuni ya ndege uhakikishe majina yenu yapo. Wakigoma, tafuta msafara mwingine.

Maswali yako mengine, ya riyali na viatu, watakujibu wengine. Umeshawalipa kiasi gani mpaka sasa?