Mume ana hepatitisi C na hataki kurudi kliniki, haya ndo tuliyopitia mimi na wangu

Dadangu, nimesoma ulivyoandika. Mumeo yuko kwa methadoni, ile dawa ya kunywa badala ya heroini, ila bado anajidunga unga mara moja moja, wamemtoboa kidole wakamwambia ana hepatitisi C, ugonjwa wa ini wa virusi, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za kliniki, na wewe usiku hulali wamuwaza yeye na wajiwaza wewe na mtoto. Nakujibu kwa urefu manake mimi na mume wangu tumepita hapo hapo, hapa hapa Mombasa, sote wawili tulikuwa twadunga na sote saa hizi twanywa methadoni.

Kwanza kabisa, kile kipimo cha kidole hakijamaliza maneno. Kinaangalia kingamwili, yaani kinakwambia tu mwili wake ushawahi kukutana na hao virusi. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa C, kama 3 hivi mwili unaifukuza wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, waliobaki ndo inakaa nao. Kujua imekaa au imetoka lazima atolewe damu ya mshipa ipimwe virusi wenyewe. Sisi kidole kilisema sote tunayo, damu ilipopimwa majibu yangu yakarudi sina virusi, yake yakarudi anavyo. Na tulikuwa twatumia bomba moja, yaani sindano moja, miaka! Kwa hivyo usianze kulia kwa sababu ya kidole, na yeye umwambie hivyo hivyo, manake wanaume wengi maskani wakisikia C wanakumbuka yule jamaa aliyejaa tumbo maji na macho ya manjano akafa, wanaona basi zamu yangu imefika, ya nini kwenda kupanga foleni.

Sasa nikwambie ninachokiamini kabisa kutokana na niliyoyaona kwangu na kwa wenzetu. Kumeza vidonge ndo sehemu rahisi. Watu wanapotea katikati, kati ya kidole na kidonge cha kwanza, na hapo ndo mke au mume anahitajika kuliko daktari.

Wanapotea vipi? Kubwa ni mishipa. Mtu aliyedunga miaka mikono yake imekwisha, anakwenda maabara anachomwa hapa, anachomwa pale, damu haitoki, yule anayetoa damu anaanza kuchoka na kusema maneno, kuna mmoja alimwambia wangu mbele ya watu "kwani mkijidunga huwa mnaipata wapi?" Aliinuka akaondoka, na sikumlaumu. Tuliporudi nilikwenda naye mimi, siku hiyo alikunywa maji mengi tangu asubuhi, nikamshika mkono nikausugua ukapata joto, nikamwambia sista kwa adabu tu, huu wa kushoto umekufa usijisumbue, kuna mmoja mdogo nyuma ya kiganja, tafadhali tumia sindano ndogo ile ya watoto. Ikatoka mara moja. Mumeo anajua mshipa gani wafanya kazi kuliko mtu yeyote, ila akiwa peke yake anaona haya kusema, wewe msemee.

La pili ni arosto, yale maumivu ya mwili kukosa unga. Usimpeleke kabla hajanywa methadoni yake, atakaa kwa benchi akitetemeka na kupiga miayo, jina lake likichelewa kuitwa ashatoka. Dozi kwanza, kisha chai, kisha maabara. Na majibu yakichelewa, usimwachie yeye kuyafuatilia, kitabu chake cha kliniki weka wewe, tarehe ziandike wewe.

Halafu kuna wale wanaosema "aache kudunga kwanza ndo atibiwe". Tuliambiwa hivyo mahali fulani, sitapataja. Si kweli dadangu. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema kila mtu mzima mwenye virusi vya C atibiwe, anayedunga hajatolewa, na 2022 wakaongeza kwamba matibabu yapelekwe pale pale watu wanapochukulia methadoni na bomba safi. Ukiambiwa aache kwanza, usigombane, ulizia mahali pengine. Hapa Mombasa anzia pale anaponywea methadoni au kwa watu wa mashirika ya MEWA au Reachout, wamefanya kazi na watu wetu miaka na hawakuangalii kwa jicho baya, waulize wakati huo dawa inapatikana wapi na kwa gharama gani.

Kumwambia vipi sasa. Mimi sikumwambia "nenda ukapimwe", nilimwambia twende tukapimwe. Najua wewe hudungi, pimwa hata hivyo, manake mwanamume akiona mmekaa benchi moja hajihisi ni mshtakiwa. Zungumza naye akishakunywa dozi na ametulia, mko wawili tu, si mbele ya mamake wala shemeji zako, na usiitie C kwenye kila ugomvi wa nyumbani. Majibu mwache apewe yeye kwanza ndani na daktari, akitaka uingie atakuita. Wangu aliniita. Kama asingeniita pia ingekuwa haki yake, damu ni yake. Na hili nalisema kwa pande zote mbili: kuna dada zetu ambao mume ndo anashika kila kitu, pesa, simu, hata bomba, kwao kuambiwa "mlete mumeo" ni hatari, waende na dada yao au mhudumu wa mtaani wanayemwamini, msaada si lazima utoke kwa mume.

Dawa zenyewe, wallahi, watu wanaziogopa kwa hadithi za zamani. Zamani ilikuwa sindano za interferoni miezi 6 mpaka mwaka mzima, homa, nywele kutoka, mtu kuchanganyikiwa, na wengi hawakupona. Saa hizi ni vidonge, kwa wengi wiki 12, kwenye chupa utaona sofosbuvir na mwenzake daclatasvir, ledipasvir au velpatasvir. Kati ya 100 wanaomaliza zaidi ya 95 wanapona kabisa, hakuna tena virusi mwilini. Wengine wanaogopa bei, na kweli ilipotoka Marekani mwisho wa 2013 sofosbuvir ilikuwa dola 1,000 kidonge kimoja, ila za India zimeshusha sana, usikatae kwa bei uliyosikia mtaani kabla hujauliza.

Dawa hii haigombani na methadoni, dozi yake haiguswi kwa ajili hiyo. Ila daktari aambiwe kila kitu anachomeza, hasa dawa za TB, za kifafa, za HIV, za vidonda vya tumbo, na miti shamba, manake zipo zinazoikata nguvu, rifampisini ya TB ni mojawapo. Na wampime hepatitisi B kabla ya kuanza, C ikitoka B iliyolala yaweza kuamka.

Kuweka dawa kulitusumbua zaidi ya kuzimeza. Chumba chetu watu waingia watoka, kitu chochote chenye chupa kinauzwa. Tuliomba ziwekwe pale dirishani anaponywea methadoni, ameze methadoni na dawa ya C mbele ya sista, wakakubali. Kama kwenu haiwezekani, kaa nazo wewe umpe dozi ya siku moja tu kila siku. Akisahau ameze akikumbuka siku hiyo hiyo, asimeze dozi mbili kesho kufidia. Wiki za mwanzo kichwa kitauma na atachoka, atadhani ni arosto akimbilie unga, mwambie mapema kwamba ni dawa, inapita.

Na akidunga katikati ya matibabu? Wangu alidunga. Sikumpigia kelele na dawa hazikusimamishwa, aliendelea kama kawaida. Kinachotakiwa ni bomba jipya kila mara, na si bomba tu, kijiko, pamba na maji pia, damu kidogo usiyoiona kwa macho inatosha. Hapa nawaambia wanawake wanaodunga na waume zao: mara nyingi yeye ndo anakudunga, na wewe ndo wa pili kwa bomba lile lile. Sisi bomba zangu nilizifunga uzi mwekundu, kijiko changu kikawa changu, nikajifunza kujidunga mwenyewe mpaka nilipoacha. Mimi kutokuwa na virusi haikunipa kinga, na yeye kupona hakumpi, C yaweza kukurudia upya na chanjo yake haipo. Wale anaodunga nao maskani wakipimwa nao, ndo bora zaidi.

Akimaliza, arudi wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho apimwe virusi tena. Ikitoka hakuna, amepona. Hiyo karatasi iweke salama kabisa, manake kidole kitaendelea kusema "anayo" maisha yake yote, na mtu asiyejua atamtisha upya.

Kuhusu wewe, kwa mume na mke kulala pamoja C inapita kwa nadra sana, labda pakiwa na damu, ila wembe, mswaki na kikata kucha kila mtu awe na chake. Sahani, kikombe, kukumbatiana, choo, hakuna neno. Mtoto anaipata kwa mama kwenye uzazi, tena kama 5 hivi tu kati ya 100 wa akina mama wenye virusi. Kwa hivyo pimwa wewe kwanza. Ukiwa huna, mtoto hakuipata kwako. Ukiwa nayo, apimwe, na kama wanyonyesha au wadhani una mimba waambie kabla hawajakuandikia dawa.

Niandikie kwa faragha kama wataka twende pamoja siku ya maabara, naweza.