Foleni ikiondoka, mwendo unaingia

Wiki hii mmeuliza: "Miji yetu ianze kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya mji, kama inavyofanyika London, ili foleni ipungue na wapanda baiskeli wawe salama?" Jibu langu kutoka Tabora ni kwamba kwa foleni, tozo inasaidia. Kwa baiskeli, tozo peke yake haitoshi, na isipopangwa vizuri inaweza kutuumiza.

Najua tangu tozo za miamala ya simu mwaka 2021 Mtanzania akisikia neno hilo anashika mfuko kwanza. Hoja ya pesa nawaachia wengine. Mimi nafundisha jiografia, naendesha baiskeli kwenda na kurudi kazini, na katika habari za London kilichonishughulisha ni hesabu ya majeruhi.

Meya Ken Livingstone alianzisha tozo ile tarehe 17 Februari 2003. Ilikuwa pauni 5 kwa siku kwa gari lililoingia katikati ya jiji kati ya saa 1 asubuhi na saa 12:30 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kamera zilikuwa zikisoma namba za magari. Mwaka wa kwanza magari yaliyoingia yalipungua kwa takriban asilimia 18 na ucheleweshaji barabarani kwa takriban asilimia 30. Baiskeli hazikulipa, wala pikipiki. Hilo la pikipiki lishikeni, nitalirudia.

Mwaka 2008 watafiti Noland, Quddus na Ochieng walichambua takwimu za ajali za kabla na baada ya tozo. Majeruhi waliokuwa ndani ya magari walipungua katika eneo lililotozwa, lakini jumla ya majeruhi wote haikuonyesha badiliko la wazi, na wa baiskeli waliongezeka. Mwaka 2012 Li, Graham na Majumdar wakalinganisha eneo hilo na maeneo yasiyotozwa, wakakuta jambo lile lile: ajali za magari zimeshuka, za vyombo vya magurudumu mawili zimepanda. Kisha mwaka 2016 Green, Heywood na Navarro, waliokuwa na takwimu za miaka mingi zaidi, wakaja na habari njema: ajali zimepungua sana, na nafuu imewafikia hata wasiolipa tozo.

Anayetaka kuipinga tozo atachukua tafiti mbili za kwanza, anayeitaka atachukua ya tatu. Mimi nazisoma pamoja. Watu wakiacha magari, baadhi yao wanapanda baiskeli, na wapanda baiskeli wakiwa wengi majeruhi nao huongezeka hata kama hatari ya mmoja mmoja imeshuka. Mtafiti Jacobsen alilionyesha hilo mwaka 2003: wapandaji wakiongezeka mara mbili, majeruhi hupanda kwa kama theluthi moja tu, maana yake kila mpandaji yuko salama zaidi kuliko jana. Kwa hiyo idadi ya majeruhi bila idadi ya wapandaji haisemi kitu, na ningependa waandishi wetu wa habari walizingatie hilo.

Lakini kuna sababu nyingine isiyohitaji hesabu kubwa. Foleni, kwa ubaya wake wote, inapunguza mwendo. Gari lililokwama kwenye foleni likikugusa, utaamka na kumtukana dereva. Liondoe foleni, na yule aliyelipa pauni zake ana barabara nyeupe mbele yake. Atakanyaga mafuta.

London wenyewe walijifunza kwa uchungu. Novemba 2013, tozo ikiwa na umri wa miaka kumi, wapanda baiskeli sita waliuawa jijini humo katika muda wa wiki mbili hivi. Malori ndiyo yanayotajwa zaidi katika vifo vya namna hiyo, hasa yanapokata kona ya kushoto: dereva amekaa juu, baiskeli iko ubavuni, haoni. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo kona ile ile inatuhusu. Njia za baiskeli zilizokuwa zimechorwa kwa rangi ya buluu tu hazikutosha. Baadaye wakajenga zilizotengwa kwa kingo, na tangu 2021 lori kubwa ambalo dereva wake haoni vizuri pembeni haliruhusiwi kuingia bila vifaa vya ziada vya usalama.

Sasa Tabora. Foleni ya kutozwa hatuna. Kinachojaa hapa ni eneo la soko malori yanaposhusha mizigo, na dakika chache baadaye njia imefunguka. Tulichonacho ni mwendo. Lami ya Nzega na ya Itigi imetuletea mabasi na malori yanayoingia mjini na kasi ya porini, wakati sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi.

Simama asubuhi kwenye barabara ya Kipalapala uwatazame wauza mkaa. Magunia mawili au matatu yamefungwa kwa mipira ya tyubu nyuma ya baiskeli, yamepita kichwa cha mwenye nayo. Nyuma haoni kitu, anasikia tu. Honi ikipigwa ana uamuzi wa sekunde moja: abaki kwenye lami, au ashuke pembeni ambako lami imekatika na changarawe iko chini kwa kimo cha kiganja. Akishuka, gurudumu la mbele linazama, mzigo unamvuta upande. Akitaka kurudi juu, tairi linateleza kwenye ule ukingo na anaangukia barabarani, mbele ya gari linalofuata. Ajali hiyo itaandikwa kuwa "mwendesha baiskeli alipoteza mwelekeo".

Wapo watakaosema mpanda baiskeli hachangii barabara, avumilie. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na makali yake kuhamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na baiskeli hainywi mafuta. (Mashine ya kusaga kijijini inakunywa na inalipa, ingawa haijawahi kupita barabarani.) Ila lami haiharibiwi na baiskeli. Wahandisi wanakadiria kwamba mzigo kwenye ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka kama mara 16. Baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa hata kuihesabu ni kupoteza muda.

Kwa hiyo kama ni lazima atozwe mtu Tabora, atozwe mwenye lori anayeshusha mzigo sokoni mchana, na anayeshusha kabla ya saa 1 asubuhi asilipe kitu. Pesa hiyo iwekewe uzio. London sheria iliwabana mapato ya tozo yaende kwenye usafiri, na sehemu kubwa ilienda kwenye mabasi. Hapa yaende kwenye bega la barabara: upana wa kupita baiskeli yenye mzigo, usawa mmoja na lami. TARURA na TANROADS wanajua kulijenga, wakitengewa fedha.

Kwa Dar es Salaam, ambako foleni ipo kweli, nashauri wafanye kama Stockholm: walijaribu miezi saba mwaka 2006, ndipo wananchi wakapiga kura. Lakini msiige ule msamaha wa pikipiki. Ukitoza gari na kuiachia bodaboda, abiria wote watahamia kwenye bodaboda, na bodaboda hupita pembeni, kwenye nusu mita ile ile ambayo baiskeli imebakiziwa.