Uwiano wa kura? Ndiyo, ila nionyesheni kizingiti kwanza

Wiki hii mmetuuliza: je, kugawa viti vya bunge kwa uwiano wa kura kunamtendea mpiga kura haki kuliko utaratibu wa anayeongoza jimboni kuondoka na kiti? Nasema ndiyo. Lakini mtu akinisifia uwiano, swali langu la kwanza huwa ni kizingiti kiko wapi, yaani kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kikifikishe ndipo kipate viti, kwa sababu humo ndimo kura zinamopotelea.

Chukueni Saarland, jimbo dogo la Ujerumani linalopakana na Ufaransa, lenye watu kama milioni moja. Bunge lake lina viti 51. Kila mpiga kura ana kura moja tu, na anaipa orodha ya chama. Hakuna mbunge wa kwenu wa kumdai barabara wala kumwalika msibani. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura halali hakipati kiti. Tarehe 27 Machi 2022 watu walipiga kura, na SPD, chama cha kushoto ya wastani cha Anke Rehlinger, ikapata asilimia 43.5. CDU, chama cha kihafidhina cha Tobias Hans, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo, ikaambulia 28.5, na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, 5.7. Chama cha Kijani kilikosa asilimia 5 kwa kura 23. Ndiyo, ishirini na tatu, katika jimbo zima. FDP, chama cha waliberali, nayo ikaishia 4.8. Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto ambacho mwanasiasa wake maarufu Oskar Lafontaine alijitoa siku kumi kabla ya uchaguzi, iliporomoka hadi 2.6.

Sasa jumlisheni. Vyama vitatu vilivyoingia bungeni vina asilimia 77.7 ya kura. Zilizobaki, zaidi ya kura moja katika kila tano, hazikuzaa mbunge hata mmoja. SPD, ambayo haikufikisha nusu ya kura, ilipata viti 29, karibu asilimia 57 ya bunge, ikaunda serikali peke yake. Matokeo ya namna hiyo tumezoea kuwalaumu Waingereza na mfumo waliotuachia, kumbe hata uwiano unaweza kuyaleta.

Watu wengi huishia kwenye zile kura 23. Mimi nilikaa na kikokotoo. Saarland hugawa viti kwa njia ya D'Hondt: kura za kila chama zinagawanywa kwa 1, kisha 2, kisha 3 na kuendelea, na viti vinakwenda kwa majibu makubwa zaidi hadi viishe. Nikiwaingiza Kijani, SPD inabaki na viti 27, bado ni wingi. Nikiwaingiza na FDP, inabaki na 26 dhidi ya 25, yaani wingi wa kiti kimoja tu. Kwa hiyo kura 23 hazikubadilisha serikali. Zilibadilisha nani anakaa upande wa upinzani kuiuliza maswali. Kwangu hilo ni zito vilevile, maana Rehlinger alibaki na wapinzani wa CDU na AfD tu.

Penye unywele mwembamba kama huo, Wajerumani wenzao wa jimbo la Thuringia waliangukia upande wa pili. Mwaka 2019 FDP ilivuka asilimia 5 huko kwa kura 73, ikapata wabunge watano. Februari 2020 mmoja wao, Thomas Kemmerich, akachaguliwa waziri mkuu wa jimbo kwa kura 45 dhidi ya 44, akibebwa na kura za AfD. Ujerumani nzima ikatikisika, na baada ya siku tatu akatangaza kujiuzulu. Chama cha mwisho bungeni kilikuwa kimetoa mkuu wa serikali.

Wanaotetea kizingiti wana hoja, na sitaidharau. Wajerumani wanakumbuka bunge la kabla ya Hitler, lililojaa vyama na serikali zisizodumu. Na karibu zaidi nasi kuna KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako sheria haiweki kizingiti. Katika uchaguzi wa Mei 2024 chama cha MK cha Jacob Zuma kilipata viti 37 kati ya 80. Vyama vilivyoungana dhidi yake ni IFP yenye 15, ANC 14 na DA 11: jumla 40, nusu kamili. Aliyevunja sare ni mbunge mmoja wa NFP, chama kilichopata chini ya asilimia moja ya kura, na Thami Ntuli wa IFP akawa waziri mkuu wa jimbo kwa kura 41 dhidi ya 39. Mbunge mmoja kushika roho ya serikali si jambo la kufurahia. Hata hivyo, anayeshika roho ya serikali hadharani ana jina, na mwandishi wa habari anaweza kumfuata na kumuuliza amepewa nini. Zile asilimia 22.3 za Saarland mtamuuliza nani?

Kama mnataka namba, nachagua asilimia 2, waliyonayo Wadenmark kwa bunge lao la taifa, na juu yake kura mbadala: mpiga kura anaandika chama chake, kisha chama cha pili kitakachopokea kura hiyo cha kwanza kikianguka. Wajerumani wenyewe wamekuwa wakilijadili wazo hilo.

Wala tusijifanye kizingiti ni mambo ya Ulaya. Katiba ya Tanzania inakitaka chama kifikishe asilimia 5 ya kura halali za ubunge ndipo kigawiwe viti maalum vya wanawake. Nawakumbusha pia wanaopendekeza uwiano wa mkoa kwa mkoa: uchache wa viti nao ni kizingiti, hata sheria ikinyamaza. Mkoa wa viti vitano ukigawa kwa D'Hondt, chama hakina uhakika wa kiti mpaka kipite moja ya sita ya kura, na chenye asilimia 10 kwa kawaida kitatoka mikono mitupu.