Usichague kozi kwa jina lake

Wanafunzi wapya ninaowashauri huja na swali lilelile: "Nisome ninachokipenda au kinacholipa?" Huwa silijibu. Namuuliza kwanza anachokipenda ni kitu gani hasa, na hapo ndipo mazungumzo hukwama.

Anasema anapenda sheria. Tukichimba kidogo, kumbe anapenda kusimama mbele ya watu na kubishana. Basi ajue kwamba mawakili wengi siku yao hupita wakisoma na kuandika: mikataba, hati, maoni ya kisheria, barua za wateja. Wapo wasiokanyaga mahakamani kabisa. Ukichoka kwenye ukurasa wa tatu wa mkataba, unachokipenda ni mjadala, na mjadala una njia zake nyingine.

Mpenzi wa michezo ya kompyuta naye anajaza sayansi ya kompyuta, halafu anakutana na hisabati, algoriti (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta) na saa nzima za kusaka kosa moja lililojificha kwenye programu. Anayetaka saikolojia ili asaidie watu anakuta takwimu na mbinu za utafiti zinamsubiri mlangoni. Hakuna aliyewadanganya. Orodha ya masomo ilikuwepo, hawakuisoma.

Kwa hiyo isome. Ruka mwaka wa kwanza, ambao mara nyingi ni masomo ya msingi, uende moja kwa moja mwaka wa pili na wa tatu. Tafuta somo ambalo ungelisoma hata lisingekuwa na mtihani. Kisha mtafute mtu aliyeanza kazi hiyo miaka michache tu iliyopita, si bosi, maana bosi atakusimulia mafanikio yake. Muulize: jana, tangu asubuhi, ulifanya nini? Na kipi kinakuchosha? Kila kazi ina sehemu yake kavu, na mimi naamini hiyo ndiyo ya kupimia mapenzi yako. Sehemu tamu humvutia kila mtu.

Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi huko Boston mwaka 1908, alitaka kijana ajijue mwenyewe, aijue kazi, kisha apime vinavyopatana. Wengi huishia kwenye kujijua. Wanajaza vipimo vya mtandaoni, vingi vikifuata makundi sita ya watu na kazi aliyoyapanga mwanasaikolojia John Holland, na wakipewa jibu wanaridhika. Vipimo hivyo si vibaya, ila hupima unachovutiwa nacho, si unachokiweza.

Jambo ambalo ningependa ulitafakari zaidi ni aina ya mlango. Udaktari, uuguzi, famasia, uhandisi na sheria kwa kawaida zina mlango mmoja: bila masomo yake mahususi, na mara nyingi leseni au usajili, huingii. Uandishi wa habari, biashara, masoko, utawala na hata uundaji wa programu zina milango mingi, na humo utakuta watu wenye shahada za kila namna. Kama moyo wako uko kwenye kazi ya mlango mmoja, kozi ndiyo uamuzi wenyewe, usiifanyie mzaha. Kama uko kwenye kazi ya milango mingi, una nafasi ya kusoma kitu kingine chenye soko huku ukiijenga kazi yako pembeni: kuandika, kujitolea, kutengeneza vitu vya kuonyesha. Lile swali la kupenda au kulipwa, kwa wengi, hulainika hapo.

Charles Darwin, mwanasayansi aliyekuja kujulikana kwa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alipelekwa Edinburgh mwaka 1825 kusomea udaktari. Upasuaji wa enzi hizo, bila dawa ya usingizi, ulimshinda, akaondoka. Akahamishiwa Cambridge ili aandaliwe kuwa kasisi, na huko akawa anakusanya wadudu aina ya mbawakawa na kuandamana na John Henslow, profesa wa botania. Ni Henslow aliyempendekeza kwa safari ya uchunguzi ya meli ya Beagle mwaka 1831. Simwiti mfano wa kuigwa, alikuwa na baba tajiri! Lakini angalia alichokuwa akifanya bila kutumwa na mtu.

Wazazi wakitaka kingine, usiende na machozi wala ubishi. Nenda na orodha ya masomo, ada, kazi zinazopatikana na jina la mtu anayeifanya. Mara nyingi hofu yao ni kwamba hawaijui hiyo kazi.

Na ukishaingia ukaona umekosea, wahi. Muulize mshauri wa idara, katika wiki za mwanzo, tarehe ya mwisho ya kuhama kozi, masomo yatakayohesabiwa huko uendako, na kama mkopo au ufadhili wako unaruhusu mabadiliko. Majibu hayo yapate kwa maandishi kabla hujasaini fomu yoyote.