Jibu: Gmsh, SALOME au snappyHexMesh? Mkuu, chora maji kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Usilipie hiyo leseni ya mwaka mzima.

Umesema una STL (faili la umbo la 3D) ya vali, umeshaipakua, unataka kupiga hesabu ya maji yanavyopita ndani yake kwa kompyuta, na unataka kujua kati ya programu za bure Gmsh, SALOME na snappyHexMesh (ya OpenFOAM, programu ya hesabu hizo) ipi inatoa meshi nzuri, yaani umbo lililogawanywa vipande vidogo viitwavyo seli, la sivyo ununue ya kulipia. Nimesoma tumbo likaniuma. Faili kama hilo nimewahi kuwa nalo, na liliniramba wiki tano.

Yangu ilikuwa vali ya tufe iliyofunguliwa nusu, natafuta presha inapungua kiasi gani. Kuna jamaa wa video aliyekuwa akihubiri kwamba STL inatosha, mianya "programu itaiziba yenyewe". Nikamwamini, maana alikuwa na maikrofoni nzuri. STL ilitengenezwa mwaka 1987 kwa ajili ya kampuni ya 3D Systems na mashine zao za kuchapa vitu vya 3D. Ni rundo la pembetatu tu. Haijui hata kama namba zake ni milimita au inchi, itajuaje maji yapite wapi?

Nikaanza na snappyHexMesh, seli za msingi 8 mm, ukutani daraja la 2, yaani 2 mm (kila daraja hugawa upana wa seli kwa mbili). Hesabu ikatulia, picha za rangi zikapendeza, nikamtumia bosi. (Kosa la pili hilo, ila tuliache.) Kisha nikafanya kama walivyotufundisha: saga seli, uone jibu linabadilika au la. Daraja la 4, upotevu wa presha ukashuka kidogo. Daraja la 5, seli za 0.25 mm, ukaporomoka. Mimi nikajua tu ni modeli ya msukosuko, zile fomula za kukadiria maji yanavyovurugika. Nikahama modeli moja, k-epsilon, nikaenda nyingine, k-omega SST. Nikaongeza matabaka ya ukutani, nikaikimbiza y+ (kipimo cha umbali wa seli ya kwanza kutoka ukutani) kama kuku aliyetoka bandani. Wapi.

Usiku mmoja, kwa hasira zaidi kuliko akili, nikaikata vali katikati kwenye ParaView, programu ya kutazama matokeo, na kuwasha mistari ya seli. Nikavuta karibu pale tufe linapokalia kiti chake. Kulikuwa na mwanya wa 0.4 mm, na ndani yake safu moja ya seli, zimepanga foleni kwa adabu kabisa. Maji yangu yalikuwa yanapita nyuma ya kiti! Aliyechora ile vali hakuchora sili, ile ya kuziba mwanya, alikuwa anachora ya kuonyesha wateja. Seli za 2 mm zilikuwa nene mno kupenya, kwa hiyo meshi mbaya ndiyo iliyonipa jibu lenye afadhali. Kila nilipoiboresha, nilikuwa napanua bomba la wizi.

Na usiniambie utakagua. checkMesh, kikaguzi cha meshi, muda wote iliniambia meshi iko sawa, na ilikuwa sawa kweli: seli nzuri, ila zimekaa pasipotakiwa. surfaceCheck, kikaguzi cha STL, nayo ikasema kila kipande kimefungwa. Ndiyo, kimefungwa. Mwanya uko baina ya vipande, mkuu.

Kwa hiyo chora maji, usichore chuma. Mtafute mwenye mchoro akupe STEP, faili la umbo kamili badala ya rundo la pembetatu. Ifungue kwenye FreeCAD, programu ya kuchora, chora sili au uzibe mwanya, funika midomo ya bomba, halafu tengeneza tofali linalojaza ndani na utoe humo umbo la chuma. Tupa kilicho nje ya chuma na kilichonaswa nyuma ya kiti; kitakachobaki, kinachotoka mdomo mmoja hadi mwingine, ndiyo maji yako. Kinatakiwa kiwe kipande kimoja, tena uulize ujazo wake na uupige mwenyewe kwenye kikokotoo. Bomba la kipenyo cha ndani 50 mm, urefu mita moja, ni karibu lita 2. Ukiona ujazo umezidi bila sababu, bado kuna tundu na hujafika kwenye meshi.

Ukishapata hicho kipande, ugomvi wako wa programu unakwisha nusu. FreeCAD, SALOME na Gmsh zote zinasoma STEP kwa maktaba ile ile ya jiometri, OpenCASCADE, umewagombanisha ndugu wa tumbo moja. snappyHexMesh inataka uso wa pembetatu kama STL, sawa, basi itoe hapo mwishoni kutoka kwenye maji. Na uigeuze kuwa mita kwa surfaceTransformPoints, maana OpenFOAM ikiona 50 inajua ni mita 50. Najuaje? Usiniulize.

Uliuliza pia habari za RAM na nini sijui, tutarudi huko. Sasa hivi ikate hiyo vali, piga picha pale kwenye kiti uiweke hapa, kabla hujatoa hela.