Makanisa ya kale ya vijijini Uingereza: anza na ukuta

Washa tochi, kisha ulaze mwanga wake ukutani kwa ubavu, usiumulike ukuta usoni. Hivyo ndivyo alivyonionyesha mama mmoja mtu mzima niliyemkuta akipanga maua ndani ya kanisa la St Mary, kijiji cha Ashwell, Hertfordshire. Mimi nilikuwa nimeshapita pale chini ya mnara nikaona mikwaruzo tu. Alipolaza tochi yake, maandishi yalijitokeza kama mishipa kwenye mkono wa mzee.

Ni Kilatini, kimechorwa kwa ncha kali kwenye jiwe. Yanasimulia tauni ya mwaka 1350, ya kuhuzunisha, kali, katili; yanasema waliobaki ni watu wanyonge, mashahidi wa yaliyotokea; na kwamba mwaka 1361, sikukuu ya Mtakatifu Maurus, ukavuma upepo wa kutisha. Tauni ile iliingia Uingereza mwaka 1348 na inakadiriwa iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wote. Aliyechora maneno yale aliishi katikati ya msiba huo, na alichokiona akaukabidhi ukuta. Jiwe la Ashwell ni la chaki, laini, ndiyo maana limekubali kuchorwa. Karibu yake kuna mchoro wa kanisa kubwa unaoaminika kuwa ni St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoteketea mwaka 1666.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyotembelea makanisa haya, na ndiyo sababu ya kuandika. Zamani nilikuwa nakwenda na orodha. Jumamosi moja nilizunguka Norfolk, mkoa wenye makanisa zaidi ya 600 ya enzi za kati, nikaona sita kwa siku moja. Jioni sikuweza kukumbuka birika lipi la ubatizo nililiona kanisa lipi. Sasa naenda mawili, basi. Moja asubuhi, la pili baada ya chakula.

Ashwell ni pazuri pa kuanzia kwa anayeishi London, kwa sababu treni ya kuelekea Cambridge inasimama kituo cha Ashwell and Morden. Lakini usidanganywe na jina la kituo: kijiji chenyewe kiko zaidi ya kilomita 3 kutoka hapo, kwa miguu. Vijijini kwingine angalia mabasi mapema, hasa Jumapili. Na vaa sweta hata mwezi wa saba. Kuta za mawe zinatunza baridi.

Mlango nao una mambo yake. Mara nyingi ni mzito, na mpini wake ni pete ya chuma. Izungushe mpaka usikie komeo likinyanyuka ndani, kisha sukuma kwa bega. Nimeona watu wakijaribu mara moja na kuondoka wakidhani pamefungwa. Kama pamefungwa kweli, soma matangazo barazani. Mara nyingi utakuta namba ya simu ya mwenye ufunguo. Piga bila aibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza dini yangu, na wengi walionifungulia walifurahi kwamba kuna mtu ametoka mbali kuja kuona kanisa lao.

Kabla ya kuingia, zunguka nje. Upande wa kusini, karibu na mlango, tafuta tundu dogo kwenye jiwe lenye mistari inayotawanyika kuelekea chini. Hiyo ni saa ya jua. Walichomeka kijiti tunduni, na kivuli kilipofika kwenye mstari wake watu wakajua wakati wa misa umefika. Angalia na matao: la mviringo lenye nakshi za zigizaga ni kazi ya Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, lenye ncha juu lilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 12. Ukienda Kilpeck, Herefordshire, kanisa la mwaka 1140 hivi, inua macho chini ya ukingo wa paa. Kuna mbwa na sungura wamechongwa ubavu kwa ubavu, wana nyuso za kupendeza mno.

Ndani, keti benchi la nyuma dakika kumi kabla hujatoa simu. Macho yanahitaji muda.

Mimi ni mtoto wa Tanga, chokaa naijua. Kila ilipokaribia sikukuu tulipaka nyumba. Kwa hiyo nilidhani ukuta mweupe wa kanisa la Kiingereza ni ukuta mweupe tu. Kumbe enzi za kati kuta hizo zilijaa picha za rangi: watakatifu, pepo, Siku ya Hukumu. Mwaka 1547, chini ya mfalme Edward VI, ikatoka amri ya kuondoa picha na sanamu, na kuta nyingi zikapakwa chokaa. Ile chokaa iliyokusudiwa kufuta ndiyo iliyohifadhi.

Nenda Wenhaston, Suffolk, uone. Mwaka 1892 mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa walibomoa mbao zilizopakwa chokaa wakazitupa nje makaburini. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi chokaa ilikuwa imeoshwa, na pale majanini kukawa na Siku ya Hukumu nzima, wafu wakifufuka, mizani ya roho, mdomo wa jehanamu. Leo mbao hizo zimetundikwa ndani ya kanisa. Katikati kuna maumbo matupu yasiyo na rangi, mahali palipokuwa na sanamu ya Kristo msalabani, na za Maria na Yohana. Nilisimama mbele ya hayo maumbo matupu muda mrefu kuliko mbele ya picha yenyewe. Kutoka hapo kanisa la kijiji cha Blythburgh si mbali. Dari lake la malaika wa mbao litazame ukiwa umelala chali kwenye benchi kama hakuna ibada.

Ukitoka, weka chochote kwenye sanduku la sadaka, maana paa za namna hii hugharimu fedha nyingi na kijiji kina watu wachache. Funga mlango vizuri, ndege wasiingie wakafa kwa kiu. Ukutani usiandike kitu, wala usisugue mchoro kwa kidole. Kitabu cha wageni kiko mezani, na kalamu yake. Mimi huandika kwa Kiswahili: tarehe, Tanga, na upepo siku hiyo ulikuwaje.