Daftari liko kwa nani? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa barazani baada ya isha, na nimeona nikujibu kwa maandishi, maana mambo ya pesa tukiyazungumza kwa simu huwa tunaishia kubishana na salio linakatika.

Umeniambia umeitazama ile filamu ya Peter Joseph ya mwaka 2008, Zeitgeist: Addendum, na usiku ule hukulala. Imekuonyesha kwamba pesa inazaliwa na deni, kwamba benki inaiumba kwa kuandika tu, na mwishoni inamleta mzee Jacque Fresco wa kule Florida na mpango wake wa miji ya duara, miji isiyo na kuuza wala kununua, ambamo mashine ndizo zitakazofanya kazi na mali ya dunia itagawiwa watu kwa mahitaji yao. Ukaniuliza: "Mama, wewe umeshika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa miaka yote hii. Kama pesa ni deni tupu, kwa nini tusiifute?" Kisha ukaongeza, kwa sauti ya chini kama uliyekuwa unaogopa jibu langu, kwamba unataka kutoa akiba yako yote kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo cha kazini kwenu.

Sikutaka kujibu kitu nisichokiona. Mdogo wako alinitafutia, tukaitazama kwa siku mbili, yeye akinitafsiria.

Niseme kwanza kwamba kwenye jambo kubwa filamu haikukudanganya. Ile habari ya benki kuandika pesa ni kweli, na hawakuichimbua pangoni. Tawi la Chicago la Benki Kuu ya Marekani lilichapa kijitabu cha kuieleza tangu 1961, na ndicho filamu inachokisoma. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza nayo ikaandika wazi kabisa: benki ikikukopesha haitoi noti za mtu mwingine kwenye sanduku, inaandika tarakimu kwenye akaunti yako, na tarakimu hiyo ndiyo pesa mpya. Waingereza walisema asilimia 97 ya pesa inayozunguka kwao ni maandishi ya namna hiyo. Mimi jambo hili halikunishtua kama lilivyokushtua wewe. Nimeandika tarakimu kwenye daftari kwa miaka mingi, na nimeona mama anayekaanga mihogo akinunua gunia zima kwa sababu tu jina lake limeandikwa pale na wenzake wanaliamini.

Pale walipokosea ni kwenye riba. Wanasema pesa ya kulipa riba haikuumbwa, kwa hiyo lazima watu wafilisike, kama mchezo wa viti ambapo kiti kimoja hakipo. Ngoja nikupe hesabu ya hapa mtaani. Tuseme mtaa mzima una shilingi 10,000, zote zangu, nami nikukopeshe unirudishie 11,000. Hiyo elfu ya mwisho itatoka wapi? Wewe unilipe 2,000 leo. Kesho nikupe ileile 2,000 unichimbie shimo la choo. Keshokutwa unanilipa tena kwa noti ileile. Noti haifi ikishalipa mara moja. Deni lote linaweza kwisha na bado pesa haikuongezeka hata senti.

Lakini sharti lake ni kwamba mimi niliyekudai niendelee kukupa kazi, niendelee kununua kwako. Nikizikalia, umekwisha. Hapo filamu inanigusa, kwa sababu nawajua wanaozikalia. Unawajua na wewe. Yule jirani yetu wa cherehani, aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, kwa ajili ya matibabu ya mama yake, alikuwa akilipa kila siku jioni, na siku aliyokosa waliondoka na cherehani. Wakampokonya chombo chenyewe ambacho kingewalipa. Hakuwahi kuoneshwa hesabu yake. Kila alipouliza amebakiza kiasi gani aliambiwa tarakimu tofauti.

Nataka ushike jambo hilo moja, mwanangu: hakuwahi kuoneshwa hesabu yake.

Babu yangu alitoka Kigoma kuja Tanga miaka ya 1930, manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Hakuja kwa kupenda pesa. Serikali ya mkoloni ilitaka kodi ya kichwa, na kodi ilitakiwa kwa fedha. Mbuzi na mahindi yake hayakukubaliwa. Kwa hiyo filamu ikisema watu walisukumwa kwenye pesa kwa nguvu, mimi ni mjukuu wa ushahidi huo. (Mkonge wenyewe nao ulitoka Florida, huko huko kwa mzee Fresco. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, ikafa njiani karibu yote, iliyofika hai Pangani ilikuwa 62. Mashamba yote yale unayoyaona ukija na basi yalianza na hiyo 62.) Shambani babu alipewa kipande, kadi ya siku 30. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anaweka alama. Usipoimaliza hata kwa tita moja, siku hiyo haikuwepo, ingawa jasho lilikutoka. Mama yangu alisimulia kwamba babu hakujua kusoma lakini aliweza kuchora kile kipande mchangani, vyumba vyake vyote, na kuonyesha vile ambavyo nyapara aliviruka kwa makusudi. Hakuchukia shilingi. Alichukia ile kalamu kuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Sasa nije kwenye mji usio na pesa. Wewe umeuona kwenye michoro, mimi niliwahi kuishi karibu yake.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha, mafuta yalikuwa ghali, fedha za kigeni hakuna. Pesa tulikuwa nayo. Marehemu babu yako alikuwa na mshahara wa bandarini, noti zimekaa kwenye kopo, na hazikuweza kununua kipande cha sabuni. Sabuni, sukari, khanga, vyote viligawiwa kwa orodha. Jina lako liwe kwa balozi wa nyumba kumi, kisha upange foleni dukani tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyetumwa, nikiweka jiwe kwenye mstari kushika nafasi na kukimbia shule. Siwezi kukuambia kwamba nia ilikuwa mbaya, kwa sababu haikuwa mbaya. Waliotaka tugawane kidogo tulichokuwa nacho walimaanisha. Lakini mwenye orodha alikuwa na shemeji, na shemeji hakupanga foleni. Mama alijifunza kumsalimia yule mgawaji kwa namna ambayo hakuwahi kumsalimia mtu mwingine yeyote, na mimi nikiwa mtoto niliona aibu bila kujua kwa nini. Nyumba za wasiosalimia vizuri zilifua kwa majivu.

Kwa hiyo nilipomsikia mzee Fresco akieleza kompyuta zitakazojua dunia ina chuma kiasi gani na ngano kiasi gani, na kugawa bila upendeleo, nilimheshimu. Ameishi miaka 101, amekufa mwaka 2017, na muda mrefu wa maisha hayo aliutumia kuchora na kujenga mifano ya miji hiyo kwa mikono yake. Mtu wa namna hiyo hachekwi. Ila nilikuwa namuuliza kwenye skrini: hiyo kompyuta nani ataiandikia maagizo? Mimi nikiona imeniruka, nitamwendea nani? Filamu inapita hapo haraka mno, kana kwamba tukishaondoa noti, tumeondoa na mwenye kugawa.

Usidhani nasema tukae kama tulivyo. Kuna mambo yaliyofanyika yakaleta nafuu kweli. Tanzania ilipofutiwa sehemu ya madeni yake ya nje mwaka 2001, ulikuwa wakati uleule ada za shule za msingi zilipoondolewa, na Januari 2002 ukaingia darasa la kwanza kwa sare na daftari tu. Kaka yako mkubwa alirudishwa nyumbani kwa ada mara tatu kabla ya hapo. Ukisikia mtu anasema deni la nchi ni mambo ya wakubwa, mkumbushe darasa lenu lilivyojaa hadi watoto kukaa sakafuni.

Na kuna lililotokea kwa mama yako mdogo kule Mikindani, Mombasa, ambalo nadhani hukuwahi kulisikia vizuri. Mwaka 2013, kwenye mtaa wao wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianzisha karatasi zao wenyewe, Bangla-Pesa. Tatizo lao lilikuwa hili: muuza mboga anahitaji maji, muuza maji anahitaji kusuka nywele, msusi anahitaji mboga, wote wana bidhaa na mikono, na hakuna aliye na shilingi ya kuanzia. Wakakubaliana kupokeana karatasi hizo, kila mwanachama akidhaminiwa na wenzake. Hazikuchukua nafasi ya shilingi ya Kenya, zilijaza pengo siku shilingi ilipokauka. Kabla mwezi haujaisha polisi wakawakamata waanzilishi, akiwemo Mmarekani Will Ruddick, wakashtakiwa mambo ya kughushi. Mama mdogo wako alificha za kwake ndani ya gunia la mchele. Mwezi Agosti mashtaka yakafutwa, mpango ukaendelea, baadaye ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, na wakati wa korona mwaka 2020 ulisaidia watu wengi ambao vibarua vyao vilikuwa vimesimama.

Haikuwa pepo. Mama mdogo analalamika hadi leo kwamba kuna watu walikuwa wepesi kulipa kwa karatasi na wazito kuzipokea. Lakini alijua majina yao, nao walijua kwamba anayajua.

Hata sisi hatukufika hapa bila kuumia. Kikundi changu cha kwanza kilikufa kwa sababu tulimwachia katibu daftari na fedha pamoja. Alikuwa mtu mzuri, anasali, anazika watu. Mwanawe akaugua, akachukua kidogo, akarudisha, akachukua tena. Tulipofungua mwezi wa Desemba hesabu ilikuwa imeandikwa vizuri sana na sanduku lilikuwa jepesi. Wanawake walilia pale, na mmoja alikuwa ameweka fedha za kumvusha binti yake kidato. Sikumlaumu katibu peke yake. Tulimpa mzigo ambao hakuna binadamu anayepaswa kuubeba peke yake.

Ndiyo maana sasa sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu tofauti, na hesabu inasomwa kwa sauti kila Jumamosi, hisa ya kila mmoja, mkopo wa kila mmoja, faini ya kila mmoja, hata asiyejua kusoma akikariri ya kwake kichwani. Riba tunayotozana inarudi kwetu sote siku ya mgao. Ni pesa, ni deni, ni riba, vile vile vitatu ambavyo filamu inavilaani, na mdogo wako alisomeshwa navyo hadi chuo.

Kuhusu SACCOS yako, kabla hujatoa hata shilingi, nenda mkutano mkuu wa wanachama. Najua hujawahi kwenda, unaona ni wa wazee na soda. Nenda uombe kuona mizania, uulize riba ya mikopo imetumika wapi, nani amekopa zaidi na kama mjumbe wa bodi ni mmojawapo. Wakikuonyesha, baki na ugombee kamati ya usimamizi. Wakikuzungusha, toa fedha zako nami nitakuwa upande wako.

Desemba tunavunja kikundi, yaani tunagawana akiba, Jumamosi ya pili. Mshika ufunguo wa tatu amehamia Korogwe na wenzangu wameniuliza kama wewe unaweza kuushika siku hiyo, kwa sababu hukopi kwetu na huna hisa. Niliwaambia nitakuuliza. Njoo Ijumaa usiku, tunaanza kuhesabu saa moja asubuhi, na lete kikokotoo maana cha kwetu kimeanza kula namba.

Mama yako.